Je, Mwenzi wa Mlimani Aweza Kuwa Mwandani?

Milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hii twaifundisha mwaka hadi mwaka, na wanafunzi wetu huieleza bila taabu. Lakini wako binadamu ambao hukutana kwa ajili ya milima yenyewe, na hao ndio waliotusukuma kuandika makala haya. Swali letu ni hili: urafiki wa wanawake uliozaliwa katika mchezo, wala si katika udugu au shida, waweza kuwa urafiki wa kweli?

Katika jamii zetu urafiki wa wanawake aghalabu huzaliwa kazini: kisimani, shambani, katika upatu, jikoni mwa arusi na mwa matanga. Wazee wengi hutilia shaka urafiki mwingine wowote. Husema kwamba aliyekutana nawe kwa starehe ataondoka starehe itakapokwisha, kwani akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lugha yetu nayo yatofautisha. Mwenzi ni yeyote anayeshirikiana nawe katika jambo, liwe safari, kazi au darasa. Mwandani ni neno lililotokana na “ndani”. Ni yule aliyeingia moyoni. Wenye shaka wasema kwamba mchezo huzaa wenzi tu, hauzai wandani.

Tuupime usemi huo kwa mfano wa kweli kutoka Japani. Junko Tabei alizaliwa mwaka 1939 katika mji wa Miharu, mkoa wa Fukushima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, mwalimu wake aliwachukua wanafunzi kupanda mlima Nasu, na tangu siku ile mtoto yule akapenda milima. Alipomaliza chuo kikuu alijiunga na vyama vya wapanda milima vilivyojaa wanaume. Baadhi yao walimpokea vyema. Wengine walidai kwamba amekuja kutafuta mume. Mwaka 1969 alianzisha chama cha wanawake watupu, ambao nia yao ilikuwa kwenda kupanda milima ya ng’ambo kwa uwezo wao wenyewe. Hapakuwa na mshahara wala ukoo uliowafunga. Kilichowakutanisha ni mapenzi ya milima, basi.

Mwaka 1970 walikwenda Nepal kupanda Annapurna III, mlima wenye urefu wa mita 7,555. Huko walikabiliwa na jambo wasilolitazamia, nalo ni kimya chao wenyewe. Walilelewa kuamini kwamba mwanamke mwenye adabu huvumilia bila kusema. Lakini mlimani, afichaye maumivu huwahatarisha wote waliofungwa naye kamba moja. Iliwabidi wajifunze kusema kwamba wamechoka, kwamba hawajui, kwamba wanahitaji kusaidiwa. Hapa twaona faida ya kwanza ya urafiki wa namna hii. Katika kazi za wajibu, mara nyingi twakutana tukiwa tumejivika heshima zetu: jirani jikoni mwa matanga hathubutu kusema kwamba mgongo wamwuma, asije akasengenywa. Lakini pale ambapo hukulazimishwa kwenda, huna cheo cha kulinda, na ukweli hupata nafasi ya kusemwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 1975. Wanawake kumi na watano, chini ya kiongozi wao Eiko Hisano, walikwenda Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani. Wengi wao walikuwa wafanyakazi, walimu wakiwamo, na wawili walikuwa na watoto. Walipotafuta msaada wa fedha waliambiwa wakae nyumbani walee watoto. Hawakukata tamaa, hata vitambaa vya kufunikia viti vya motokaa walivishona vikawa vifaa vya safari. Tarehe 4 Mei, katika kambi iliyokuwa kwenye kimo cha mita 6,300 hivi, poromoko la theluji lilifunika mahema yao. Tabei alizirai, akaokolewa na Washerpa waliofuatana nao, hakuna aliyekufa.

Mpango ulikuwa wanawake wawili wafike kileleni. Lakini baadhi ya Washerpa waliugua kwa sababu ya kimo, na mitungi ya oksijeni ya kuwatosha wawili haikuweza kupandishwa. Kiongozi akamteua mmoja. Tarehe 16 Mei Junko Tabei, pamoja na Msherpa Ang Tsering, alikanyaga kilele, akawa mwanamke wa kwanza duniani kufika hapo.

Mmoja alipanda, kumi na wanne wakabaki chini. Je, ni haki? Vitabu vimeandika jina moja, hali mizigo ilibebwa na wote. Hatudai kwamba hakuna aliyeumia moyoni, kwani moyo si jiwe. Lakini hapa ndipo tunapodhani kwamba methali ya wazee yataka kufikiriwa upya. Tusikiapo neno “dhiki” twawaza njaa, ugonjwa na kifo. Iko dhiki nyingine isiyotajwa sana, nayo ni neema ya mwenzako. Wako wengi waliolia nasi matangani ambao hawakuweza kutupa mkono siku tulipopandishwa cheo. Kumhurumia aliyeanguka si kazi ngumu, kwa kuwa huruma hutuweka juu yake. Kumshikia kamba anayepanda tusipofika sisi, hiyo ndiyo kazi. Mwenzi aiwezaye amekwisha kuwa mwandani, hata kama mlikutana mchezoni.

Naye aliyefika juu ana deni lake. Tabei alipenda akumbukwe kuwa binadamu wa thelathini na sita kufika Everest kuliko kusifiwa kuwa mwanamke wa kwanza. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 2011 lililoiumiza Fukushima, aliwaongoza wanafunzi wa mkoa huo kupanda mlima Fuji. Mwaka 2016 alikwenda nao akiwa mgonjwa, na mwaka huo huo akafariki. Hivyo alichopewa na mwalimu wake akakirudisha kwa watoto wengine.

Basi walimu wenzetu, tusiuite upotevu muda ambao wanawake huutumia kutembea vilimani, kucheza mpira au kupanda maua pamoja baada ya kazi. Na siku tutakapoifundisha tena ile methali ya dhiki, tuwaulize wanafunzi maswali mawili badala ya moja: ni nani atakayekuja ukilia, na ni nani atakayefurahi nawe ukishinda?