Haki ya Unywele

Unywele ukishachomoza juu ya ngozi hauna tena uhai: haupitiwi na damu, haujui joto wala baridi, na makasi yakiukata, mwenyewe hatambui lolote mpaka auone umeanguka sakafuni. Sehemu yake iliyo hai imejificha shinani, ndani ya ngozi ya kichwa, mahali ambapo chanuo halifiki; na huo mwingine wote tuuonao, tuuchanao, tuupakao mafuta na kuusifu, ni uzi uliokwisha maliza maisha yake kabla haujatoka nje. Swali ninalotaka kulizungumza ni hili: je, kitu cha namna hiyo chaweza kuwa na haki juu ya mwanadamu, haki ya kudai sehemu ya umri wake, ambao wenyewe ni mfupi? Na kama kinayo, mpaka wa haki hiyo uko wapi?

Swali hili sikulipata kitabuni. Lilinijia nikiwa na chanuo mkononi, Pangani, katika ua wa nyumba ya bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa miaka mingi nilikuwa msusi wake wa kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Nywele zake zilishuka shibiri tatu kutoka utosini, na namna yake ya kuzitunza ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mtoto wa miaka tisa aliweza kujifunza kwa siku moja, kama nilivyojifunza mimi. Yeye aliketi mkekani, nami nikakaa kigodani nyuma yake. Mafuta yalikuwa ya nazi aliyoikuna mwenyewe, akalikamua tui, akalipika kwa moto wa taratibu mpaka mafuta yakajitenga na shata. Nami nilimimina kiganjani kiasi cha kijiko kimoja tu, nikayasugua viganja viwili kwa pamoja, kisha nikazipitishia nywele kutoka katikati mpaka nchani. Chanuo lilianzia chini. Hili alilisisitiza kuliko yote, kwa sababu anayeanzia shinani huyasukuma matata yote kuelekea chini, yakakusanyika yakawa fundo moja, na fundo hilo halifunguki ila kwa kuzikata nywele; bali anayeanzia nchani, akapanda kidogo kidogo, huyafungua matata machache machache, na chanuo likifika utosini hushuka mara moja bila kukwama.

Baada ya hapo nilizigawa mafungu matatu, fungu la kuume likapita juu ya la katikati, la kushoto likapita juu ya lile lililokuwa la kuume, na hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kukaza, nikafunga ncha kwa utepe uliochanwa katika kanga kuukuu, kwa kuwa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi hulainika na hakikati unywele. Kazi yote haikuzidi robo saa. Alipokuwa na mapishi, songo lile lile alilizungusha kisogoni likawa kifundo, akalizuia kwa kibanio kimoja. Palipokuwa na arusi au maulidi alitaka masongo mawili, nikayakutanisha juu ya kichwa mfano wa taji, na kikuba cha asumini na rihani kikachomekwa upande wa sikio. Huo ndio ulikuwa ususi wake wote. Kisha akajifunika mtandio, na juu yake buibui, na tangu babu alipofariki hapakuwa na jicho la mtu asiyekuwa wa nyumba lililopata kuliona songo lile.

Siku moja nilimwuliza, kwa ujinga wa msichana anayedhani kuwa kila pambo ni barua iliyoandikiwa mtu, “Bibi, nani ataziona?” Hakugeuka. Akasema, “Kwani zimekuwa zangu kwa kuonwa, mjukuu wangu?” Nami nikaendelea kusuka, na jibu lile likakaa nami.

Mtaani kwetu alikuwapo mama mwingine, mcha Mungu bila shaka yoyote, ambaye alikwisha kuziacha nywele zake zishikamane chini ya ukaya, akisema kwamba yeye amekwisha kuitaliki dunia na kwamba dakika ya chanuo ni dakika iliyoibwa katika kumdhukuru Mola. Watu walimstahi kwa zuhudi hiyo. Mimi pia nilimstahi, na sisemi kwamba nia yake haikuwa safi. Lakini kila nilipozifikiria hoja zake nilikumbuka habari ya Salmani Mfarsi na Abu Dardaa, ambayo masheikh wetu huisimulia sana wanapozungumzia wastani katika ibada. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa amewaunganisha wawili hao kwa udugu. Salmani alipokwenda kumzuru nduguye alimkuta Ummu Dardaa, mke wa nduguye huyo, katika hali ya kutojitengeneza, na alipomwuliza sababu, yule mama akamweleza kwamba nduguye hana haja na mambo ya dunia. Ndipo Salmani akamfanya mwenyeji wake afuturu naye, akamzuia asisimame usiku kucha, akamwambia alale mpaka sehemu ya mwisho ya usiku, wakasali pamoja. Akamkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Habari ilipofika kwa Mtume, akasema kwamba Salmani amesema kweli.

Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya saumu na sala za usiku, na yule mama wa mwanzo wa kisa, Ummu Dardaa, husahauliwa. Mimi naona yeye ndiye mlango wa kisa chote. Salmani hakuugundua upungufu wa mizani ya nduguye kwa kuutazama msala wake, maana msala ulikuwa hauna kasoro. Aliugundua kwa kumwona mwanamke aliyekuwa ameacha kujitunza, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa imesadiki kwamba kumpenda Mungu ni kuupuuza mwili. Hali ya mama yule ilikuwa ushahidi wa haki iliyozuiliwa, na haki ilipozuiliwa mahali pamoja ilikuwa imezuiliwa pia mahali pengine pasipoonekana.

Lakini bado hatujajibu kwa nini uzi usio na hisia uingizwe katika hesabu ya haki. Hapa yafaa kuwasikiliza mafakihi wa madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya wengi wa watu wa pwani yetu, kwa sababu wameutazama unywele kwa macho mawili, na kila jicho limeona kweli. Kwa jicho la kwanza wamesema kwamba mwanamume na mwanamke wasiokuwa maharimu wakigusana ngozi udhu hutenguka, lakini mkono ukigusa unywele hautenguki, kwa kuwa unywele, kama jino na ukucha, hauna ladha ya mguso. Katika udhu wenyewe yatosha kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa, hata nywele chache tu. Basi ni kitu duni, kisicho na hisia. Walakini kwa jicho la pili hao hao wamesema kwamba unywele wa mwanamke, hata ukishakatwa na kutengana naye, mwanamume ajinabi hana ruhusa ya kuutazama. Na wakapendekeza kwamba nywele na kucha zilizotolewa mwilini zifukiwe ardhini. Kwa hiyo bibi yangu, nilipomaliza kumchana, alizikusanya nywele zilizonasa katika chanuo, akazivingirisha kidoleni, akazifukia chini ya mkomamanga wa uani. Kitu kile kile kisichohisi chochote kimebeba sitara ya mtu mzima.

Nikiyaunganisha macho haya mawili napata jibu ambalo sijaweza kulikimbia: haki si ya uzi. Ni ya mtu ambaye uzi ule ni wake, naye mwenyewe si mali yake mwenyewe bali ni amana. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitupa chakaani kwa hoja kwamba haina damu, wala kwa hoja kwamba hakuna anayeiona.

Na mpaka? Mpaka ndio uliofanya niupende ususi wa bibi kuliko mitindo yote niliyoiona baadaye. Mtume, ambaye Ummu Hani alimwona akiingia Makka nywele zake zikiwa masongo manne, na ambaye alihimiza kwamba mwenye nywele azikirimu, ndiye huyo huyo aliyekataza mtu kujichana kila siku pasipo kupumzika, ili kujipamba kusije kuwa shughuli inayokula shughuli nyingine. Ummu Salama alimwuliza kama afumue nywele zake, naye akizisuka kwa kuzikaza, kila anapooga janaba. Akamwambia kwamba yamtosha kujimiminia maji kichwani magao matatu. Na Bibi Aisha, alipopata habari kwamba Abdullah bin Amri anawaamrisha wanawake wafumue vichwa vyao kwa ajili ya josho, alistaajabu, akauliza mbona hawaamrishi moja kwa moja wanyoe. Naipenda hasira ile ya Bibi Aisha. Ni hasira ya mwanamke anayejua uzito wa maji katika nywele ndefu na muda unaohitajika zikauke, akimtetea mwenziwe dhidi ya ugumu ambao Mungu hakuuweka. Mafakihi wetu nao wakafafanua kwamba maji yakipenya ndani ya songo bila kulifumua, halifumuliwi, yasipopenya, hufumuliwa. Kwa hukumu hiyo songo legevu la mafungu matatu lina faida ambayo anayelitazama kwa pambo tu hawezi kuiona: maji hulipitia kama yapitavyo katika mtego wa uzi, na mwenyewe yu huru kwenda kusali.

Nasikitika, na sisemi kwa kuwalaumu mabinti wenzetu, ninapoona siku hizi msichana ameketi chini ya mikono ya wasusi tangu asubuhi mpaka magharibi, anaungwa nywele zisizokuwa zake, jambo ambalo Mtume amelikataza kwa ukali, panja zimevutwa mpaka zimetoa vipele, kichwa kinamgonga usiku kucha, na kesho yake anayaogopa maji ya udhu yasije yakaiharibu kazi ile aliyoigharimia. Shina linalovutwa mwezi baada ya mwezi hufa, na panja zikirudi nyuma kwa sababu hiyo huenda zisirudi tena. Hapo nywele hazijapewa haki, zimetozwa. Lugha yetu yenyewe iliwahi kutufundisha kiasi kwa msuko uitwao twende kilioni, msuko wa haraka usio na madoido, kana kwamba wazee walisema kuwa hata msiba ukipiga hodi, mwanamke hatoki nyumbani kichwa wazi cha matata, wala hakawii msibani kwa ajili ya kichwa.

Wala si Waislamu peke yao walioipima mizani hii. Waraka wa kwanza wa Petro unawahadharisha wake wa Kikristo wasiuweke uzuri wao wote katika kusuka nywele, na huku Paulo, akiwaandikia Wakorintho, aliziita nywele ndefu za mwanamke fahari yake. Lakini waliolieleza jambo hili kwa chombo badala ya maneno ni Masingasinga, ambao mababu zao wengi walikuja Afrika ya Mashariki kama mafundi wa reli, na ambao hekalu lao la Makindu, kando ya reli ya Mombasa, huwapa wasafiri chakula bila kuwauliza dini. Tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoiasisi jamaa ya Khalsa, Singasinga aliyeingia humo hazikati nywele zake kwa kuwa ni umbile la Mungu. Na pamoja nazo amelazimishwa kuwa na kitana kidogo cha mti, ambacho hukichomeka ndani ya kifundo chini ya kilemba. Hazikatwi, wala haziachwi zishikamane kama za wale wanaoikimbia dunia maporini. Kitana kimelala ndani ya nywele zenyewe, hakionekani na mtu, na kila siku hufanya kazi yake.

Nywele hurefuka kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwezi. Kwa hiyo songo la shibiri tatu ni kumbukumbu ya miaka mitano na zaidi, na kwa bibi yangu kumbukumbu hiyo ilisomeka waziwazi, kwa sababu unywele uliotoka mweupe hubaki mweupe na uliotoka mweusi hubaki na weusi wake. Songo lake lilianza utosini likiwa jeupe kama pamba, likachanganyika begani, na chini ya kiuno, katika kile kishungi nilichokifunga kwa utepe wa kanga, lilikuwa jeusi karibu lote. Babu alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Mahali fulani mgongoni mwake palikuwa na kipande, urefu wa vidole viwili hivi, kilichotoka katika miezi minne na siku kumi za eda yake, ambapo aliyaweka mafuta kando kama sheria ilivyoamuru, lakini chanuo hakuliweka, kwa kuwa halikukatazwa. Chini ya kipande hicho nywele zote zilikuwa kichwani mwake siku babu alipokuwa akiingia uani na kumsabahi. Sikupata kumwambia kwamba nimelitambua jambo hilo. Nadhani alilijua, maana kila nilipotaka kupunguza ncha zilizopasuka alisema, “Kidogo, mwanangu, kidogo sana.”

Alipofariki, mkosha maiti aliniita ndani. Sunna hii imetoka kwa Ummu Atiyya, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha binti yake Mtume kwa maji na majani ya mkunazi, na katika josho la mwisho wakatia kafuri. Nao walimsuka nywele zake masongo matatu, wakayalaza nyuma yake. Nilianzia nchani kama alivyonifundisha. Niligawa fungu la mbele na mafungu mawili ya ubavuni, nikasuka bila kukaza, songo la kwanza, la pili, na la tatu, na mikono yangu haikutetemeka, kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi iliyoizoea. Nywele zilizobaki katika chanuo sikuzipeleka chini ya mkomamanga. Nilizivingirisha kidoleni, nikampa mkosha, naye akaziweka ndani ya sanda pamoja naye.