Hofu na Hiari

Mtu apandaye mlima Menengai, juu ya mji wa Nakuru, wakati wa magharibi, akiona kitu kirefu kimejikunja penye majani, huruka nyuma kabla hajajua aruka kwa nini. Moyo humdunda na kinywa humkauka. Hutazama tena, akaona kuwa ni kipande cha kamba. Wahenga waliijua hali hii waliposema: mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ikiwa mwili hutangulia akili namna hii, je, ni haki kumlaumu mtu kwa alitendalo katika hofu?

Elimu ya mwili yatupa nuru kidogo. Ndani sana ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, nyuma ya panja, mna vifundo viwili vyenye umbo la lozi. Wataalamu waliviita amigdala, neno la Kiyunani lenye maana ya lozi. Havikuumbwa kwa hofu peke yake, lakini hatari inapotokea huwa wepesi kuamsha moyo, pumzi na misuli. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hupima jambo, ikautuliza mshtuko au ikauacha utawale.

Wala vifundo hivi si adui zetu. Mwaka 2011 wataalamu walieleza habari za mwanamke wa Marekani ambaye maradhi yaliviharibu vyote viwili. Alishika nyoka bila hofu, na mara nyingi maishani alijikuta katika hatari ambazo mwingine angaliziepuka. Huyo hakuwa shujaa; alikuwa mtu aliyenyimwa mlinzi.

Walakini mlinzi huyu hufundishika, na hapo ndipo penye msiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Bonde la Ufa liliwaka, na mwezi wa Januari 2008 moto ule ukaufikia mji wa Nakuru. Nchini Kenya watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Wengi walipata hifadhi katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Siasa na ugomvi wa ardhi vilikuwamo. Lakini hofu nayo ilikuwamo. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi waliogopana kwa sababu ya majina yao. Mtoto hazaliwi na hofu ya namna hiyo, hufundishwa. Kila aliyeeneza uvumi aliupa ung'ongo sura ya nyoka.

Hata hivyo, wapo waliowaficha jirani zao wa kabila jingine. Tusidhani kwamba mioyo yao haikudunda. Lozi iliyomtetemesha mwenye panga ndiyo iliyomtetemesha aliyefungua mlango usiku. Walishtuka sawasawa, wakatenda mbali mbali.

Basi mtu asilaumiwe kwa kushtuka, maana mshtuko haukumwomba ruhusa. Hesabu yake ni kwa mambo mawili: alilolitenda baada ya mshtuko, na hofu aliyoitia katika vifua vya wengine. Ujasiri si kukosa hofu. Ni kutazama mara ya pili, huku moyo ungali ukidunda, ili kujua kama kilicho mbele yetu ni nyoka, au ni kamba, au ni jirani.