Chanzo na Mfuatano: Falsafa ya Injini Inayosumbua Kuwaka

Swali la iwapo binadamu anaweza kukijua chanzo cha jambo, au huona tu kwamba jambo moja limefuata jingine, limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi, nalo hujitokeza pia katika kazi za mikono, kama vile kutafuta hitilafu ya pikapu kuukuu inayobeba omena na mbuta kutoka Muhuru Bay, kaunti ya Migori, pale stata inapozungusha vizuri huku injini ikikataa kuwaka.

Injini ya petroli ya zamani huhitaji mambo matatu ili iwake: mchanganyiko wa hewa na petroli wenye kipimo kinachofaa, unaoandaliwa na kabureta, mgandamizo wa mchanganyiko huo ndani ya silinda, na cheche ya plagi inayotokea kwa wakati wake. Kwa kuwa kasoro katika lolote kati ya hayo huweza kuleta dalili ileile, dalili peke yake haitoshi kuonyesha chanzo. Fundi akifungua plagi, akaweka mpya, na injini ikawaka papo hapo, ni rahisi kuhitimisha kwamba plagi za zamani zilikuwa mbovu; lakini ikiwa kabureta ilikuwa imezidisha petroli hadi plagi zikalowa, huenda petroli hiyo ilivukiza wakati matundu ya plagi yalipokuwa wazi, na plagi zilezile kuukuu, zikishakauka, zingefanya kazi.

Mwanateolojia wa Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa tatizo hilihili alipoeleza katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa kwamba pamba inapoungua baada ya kuguswa na moto, jicho huona kuungua kukiambatana na mguso, wala halioni kwamba moto ndio unaounguza. Kwake yeye mtendaji wa kweli ni Mungu, na utaratibu uliozoeleka ni desturi aliyoiweka Mungu katika uumbaji. Mwanafalsafa Ibn Rushd (1126–1198) alimjibu kwamba anayekana vyanzo ameikana akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuyatambua mambo pamoja na vyanzo vyake. Hata hivyo, wote wawili hawakukana kwamba mambo huenda kwa utaratibu, na fundi hahitaji zaidi ya huo: asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, azirudishe plagi za zamani bila kugusa kitu kingine, na injini ikiwaka upesi, plagi zimeondolewa lawama na kabureta ndiyo ya kuchunguzwa.

Lipo swali la pili, ambalo mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alilichambua katika utafiti wake juu ya Waazande, jamii ya Afrika ya Kati, uliochapishwa mwaka 1937. Ghala likiwaangukia watu, Waazande walijua fika kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walichokihusisha na uchawi ni kwa nini lilianguka saa ileile watu wale walipokuwa chini yake. Mwenye pikapu anayeuliza kwa nini injini imegoma siku ambayo samaki wanasubiri kupelekwa sokoni anauliza swali la namna hiyo, na muumini ana haki ya kuliuliza mbele ya Mungu wake. Hatari huanza pale jibu linapomtaja jirani, kwa maana plagi inaweza kurudishwa na kujaribiwa, ilhali mtu anayeshutumiwa uchawi hana jaribio linaloweza kumwondolea lawama. Mei 2008, katika eneo la Kisii lisilo mbali na Migori, umati uliwachoma hadi kufa watu 11 walioshutumiwa hivyo.

Kwa hiyo kanuni ya gereji ni kanuni ya haki pia: kisitajwe chanzo ambacho hakuna njia ya kuonyesha kwamba hakina hatia. Fundi anayemlipisha mteja kwa kubahatisha na mtu anayemshutumu jirani kwa kudhania hawalingani kwa uzito wa kosa, lakini wote wawili wamehukumu kabla ya kujaribu.