Matangazo ya Ndoa na Kunyamaza Kwetu



Kila nisomapo matangazo ya ndoa huona jambo moja. Nikifika pale pa kuuliza kama yuko ajuaye kizuizi, watu huinamisha vichwa kama wasalio. Hakuna hata akohoaye. Ibada ikiisha, chini ya mwembe, vizuizi vyote husemwa, na vingine vimetiwa chumvi.

Nataka kuwasimulia juu ya matangazo yaliyosomwa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, mwezi wa Mei mwaka 1567.

Palikuwa na kabaila mmoja, James Hepburn, Bwana wa Bothwell. Alikuwa hodari wa vita na mwenye elimu, lakini kwa wanawake na kwa madeni sifa yake ilikuwa mbaya. Anna Throndsen, binti wa ukoo mkuu wa Norwei, alidai kwamba bwana huyo alimwahidi ndoa, akala mali yake, akamwacha ugenini. Hayo hayakumzuia kumwoa Jean Gordon, binti wa Bwana wa Huntly, mwezi wa Februari 1566. Jean alikuwa na miaka 20 hivi, na mali aliyokuja nayo kutoka kwao ilisaidia kulipa madeni ya mume.

Mwaka uliofuata, tarehe 10 Februari, mume wa Malkia Mary aliuawa, na vidole vyote vikamwelekea Bothwell. Alishitakiwa, lakini mji ulijaa watu wake wenye silaha, mshitaki akaogopa kufika, naye akaachiliwa. Kisha akamkamata Malkia njiani, akampeleka katika ngome yake ya Dunbar. Kama Malkia alikubali au alilazimishwa, watu hubishana mpaka leo.

Ikabaki kumwondoa Jean. Mahakama moja ilisema mume alizini na mtumishi wa kike. Nyingine ikasema ndoa ni batili kwa sababu mume na mke ni jamaa. Kumbe ruhusa ya Kanisa kwa ajili ya ujamaa huo ilikwisha kutolewa kabla ya harusi! Karatasi yake ilikuja kuonekana baada ya karne tatu katika ngome ya Dunrobin, kwa wazao wa Jean. Yeye alinyamaza. Kaka yake naye alinyamaza. Mwezi wa Aprili alikuwa amerudishiwa ardhi ya baba yao. Mabwana wakubwa walikwisha kutia sahihi kwamba wataiunga mkono ndoa ya Bothwell na Malkia. Na maaskofu, ndugu zangu, nao walitia sahihi.

Ndipo John Craig, mchungaji wa mji, akaambiwa atangaze ndoa hiyo. Akakataa mpaka apate amri iliyoandikwa. Amri ilipofika alikwenda kwanza barazani, akamwuliza Bothwell usoni habari za uzinzi, za kumteka Malkia, za talaka ya haraka, na za damu ya marehemu. Nathani alipomwendea Daudi alikuwa na mfano wa mwana-kondoo wa kumtangulizia. Craig hakuwa na mfano wowote. Hakupata jibu la kumtosha. Basi akapanda mimbarani, akayasoma majina, akaziita mbingu na nchi zimshuhudie kwamba ndoa hiyo anaichukia. Akasema pia kwamba wakuu wa nchi wameikubali, wengine kwa kujipendekeza, wengine kwa kunyamaza.

Walifunga ndoa tarehe 15 Mei. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Juni, majeshi yaliwatenganisha huko Carberry, wasionane tena. Malkia alifungwa, akavuliwa ufalme. Bothwell akakimbilia baharini, akakamatwa pwani ya Norwei, akaletwa mji wa Bergen. Na nani alikuwako Bergen? Anna Throndsen! Alimshitaki, na bwana yule akalazimika kumpa merikebu na kuahidi fedha za kila mwaka. Alikufa kifungoni Denmark mwaka 1578. Jean aliolewa tena mara mbili, akaishi mpaka mwaka 1629.

Mtasema, maneno ya Craig yalizuia nini? Hayakuzuia kitu. Hilo limenisumbua sana, maana mimi sikufika hata hapo alipofika yeye.

Miaka mingi iliyopita, katika mtaa mwingine, nilitangaza ndoa ya binti wa mzee wa kanisa na mfanya biashara mmoja mwenye gari na ulimi laini. Mtu aliniambia njiani kwamba yule bwana ana mke bara. Nikajiambia, huyu ana wivu tu. Na mbuzi walikwisha kununuliwa. Nikasoma mara tatu, nikawafungisha. Baada ya miezi minane mama mmoja alishuka katika basi na watoto wawili, akauliza nyumba ya Padre. Cheti chake cha ndoa alikuwa amekifunga kitambaani. Nilikisoma mara mbili nikitafuta kosa ndani yake, nisione. Kisha nilipaswa kwenda kwa mzee wa kanisa, na binti mwenyewe ndiye aliyenifungulia mlango, ana mimba.

Jumapili ijayo nitasoma matangazo ya ndoa tatu kwa mara ya pili. Mwenye neno na aje nyumbani kwangu Jumatano au Alhamisi, baada ya Sala ya Jioni. Aje na alilolijua mwenyewe, si la chini ya mwembe. Na kama anaogopa kuonekana, mlango wa jikoni nao utakuwa wazi.