Jasho la Hiari na Jasho la Lazima



Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji wetu wa Moshi hupokea wageni wa namna ya pekee, nao ni wakimbiaji. Tangu mwaka 2003 hufanyika hapa mashindano ya Kilimanjaro Marathon, na siku yake ni Jumapili. Wapo wakimbiao kilometa 42 na ushei, wapo wa nusu yake, na wapo wa kilometa tano, ambao wengi wao hutafuta furaha tu. Wale wa mbio ndefu, wakisha kumaliza barabara ya tambarare iendayo upande wa Dar es Salaam, huelekeza nyuso zao mlimani na kupanda njia ya Mweka, katikati ya migomba na mibuni. Huko Ufaransa, katika nchi ya Médoc, watu hukimbia vivyo hivyo katikati ya mizabibu tangu mwaka 1985, na njiani huonjeshwa divai. Sisi hapa hatuna mizabibu, lakini migomba yetu hutupa mbege, na kilima chetu si haba.

Katika mwinuko huo wa Mweka ndipo lizaliwapo swali tutakalo kulitafakari. Kando ya barabara husimama mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, aliyoyakata huko tambarare. Amesimama ili awapishe wakimbiaji. Kilima ni kile kile, na jua ni lile lile. Mmoja amelipa kiingilio ili atokwe na jasho, na akifika atavishwa medali. Mwingine hutokwa na jasho kila siku, wala hakuna ampigiaye makofi. Basi yafaa tujiulize: jasho la hiari lina thamani gani mbele ya jasho la lazima?

Hatusemi juu ya wale ambao mbio ndiyo kazi yao, kama Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo mwaka 2025. Hao hula jasho lao kama mkulima alavyo lake. Twasema juu ya karani, mwalimu, mfanyabiashara na mwanafunzi, ambao wangeweza kubaki kitandani.

Wako wasemao kwamba huo ni mchezo wa walioshiba, na kwamba mwenye shida hana nguvu za kupoteza. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Tumkumbuke ndugu yetu John Stephen Akhwari wa Mbulu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka njiani akaumia goti. Watu 18 walikuwa wameacha mbio. Naye angeweza kuacha, wala hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliendelea akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akafika uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Jasho la lazima laweza kutuonyesha nguvu ya mtu na uvumilivu wake. Jasho la hiari hutuonyesha pia anachokipenda moyo wake, kwa maana hapana aliyemshurutisha.

Tena Kanisa lenyewe halidharau taabu ya hiari. Mbio hizi mara nyingi huangukia karibu na Kwaresima au ndani yake, wakati ambao sisi nasi huchagua njaa ilhali chakula kimo ndani. Je, kufunga kwetu si dhihaka kwa yule asiye na chakula? Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kulijibu swali hilo. Alifundisha kwamba saumu impendezayo Mungu ni ile imfanyayo mfungaji amfungulie aliyeonewa na kumgawia mwenye njaa chakula chake. Saumu isiyofika huko ni kuruka mlo tu. Twaona kwamba mbio nazo hupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Lakini tuwe waangalifu. Mkimbiaji akichoka kwenye kilometa ya 30 aweza kuketi chini, akapewa maji na kupandishwa gari. Yule mama hawezi kuutua mzigo akauacha, maana ng'ombe wanamngoja zizini. Kwa hiyo aliyekimbia asiseme, "Sasa nayajua mateso ya watu." Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alichojifunza ni kidogo: jinsi kilima kinavyouma magotini. Hicho kidogo chatosha kumpa heshima kwa wengine, bali hakitoshi kumpa majivuno.

Mfano mwingine u karibu nasi zaidi. Wageni waupandao mlima wetu mpaka kilele chake, meta 5,895, huupanda kwa hiari. Nyuma yao, na mara nyingi mbele yao, wamo wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu. Kanuni za hifadhi zaruhusu mzigo wa kilo 20. Wazee walisema, mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Sisi wa huku tumesema, mpe mgumu. Vijana hao ni wana wa nyumba zetu. Jasho la hiari la mgeni limesimama juu ya jasho la lazima la kijana wetu, lakini cheti cha kufika kileleni hupewa mgeni.

Sasa tuutazame mlima mwingine. Bwana wetu alipopanda Golgotha, alipanda kwa hiari yake. Lakini njiani alikuwapo mtu mmoja, Simoni Mkirene, ambaye Marko atuambia kwamba alikuwa akitoka shamba. Huyu hakuchagua. Askari walimkamata wakamtwika msalaba. Katika njia ile moja jasho la hiari na jasho la lazima vilikutana chini ya mti mmoja. Kanisa halikumsahau yule aliyelazimishwa; jina lake limeandikwa, hata na majina ya wanawe. Naye Bwana, aliyetaabika kwa kupenda, hakuona aibu kusaidiwa naye.

Jibu letu basi ni hili. Jasho la hiari ni jema, lakini thamani yake hukamilika linapokwenda kuuchukua mzigo wa yule asiye na hiari. Kijana wa mtaa wetu ajizoezaye miezi mitatu kuupanda mwinuko wa Mweka mikono mitupu, na aupande mara moja kwa juma akiwa na ndoo ya maji ya mjane jirani yake. Miguu itapata zoezi lile lile. Nasi tulio na watumishi nyumbani au vibarua shambani, tuwalipe kwa wakati na kwa haki, kabla hatujamshangilia mtu ye yote barabarani. Na siku ya mashindano, wakikutana mkimbiaji na mwenye mzigo mahali pembamba, apishe yule ambaye mikono yake ni mitupu.

Mungu atujalie Kwaresima yenye macho ya kuona. Amina.