Mapatano na Haki ya Mpangaji

Ni desturi katika mji wa Dar es Salaam kwamba mtu atafutaye chumba na sebule hutakiwa kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla hajakabidhiwa ufunguo. Dalali naye hutaka kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake. Basi kodi ikiwa shilingi 100,000 kwa mwezi, yampasa mpangaji kuwa na 700,000 kwa siku moja, hali mshahara wake huja mwezi kwa mwezi.

Wengi husema, Hapana dhuluma, maana wamepatana. Lakini je, yatosha kupatana? Mnunuzi wa kanga akiona bei imezidi, hurudi nyumbani. Mtafuta nyumba hana nyumbani pa kurudi. Ndipo hasa anapopatafuta! Hukubali kama akubalivyo mtu aliyenyeshewa, akaenda kukopa kwa riba.

Mwenye nyumba naye ana hofu, wala si hofu ya bure: wako wapangaji wahamao usiku na kuacha deni la maji. Mjane alaye kwa kodi ya vyumba viwili, simlaumu akitaka dhamana ya mwezi mmoja au miwili. Bali inayozidi hapo si kinga tena. Ni mkopo usio na riba, ambao maskini amempa mwenye mali, naye ameupata kwa riba. Wengine huutumia kujenga chumba kingine, wakakipangisha kwa miezi sita vile vile.