Kitufe cha Kubali na Ahadi Isiyosomwa

Tarehe 1 Aprili 2010, duka la gemu la GameStation la Uingereza liliongeza kipengele kwenye masharti ya kununua mtandaoni: mteja anaipa kampuni haki ya kudai roho yake isiyokufa. Ilikuwa Siku ya Wajinga, na aliyekataa alizawadiwa vocha ya pauni 5. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, wateja wapatao 7,500 walikubali.

Msikitini na kanisani watu hufundishwa kwamba ahadi ni deni. Hata hivyo, hakuna shekhe wala padri atakayesema wateja wale walipoteza roho zao. Ahadi hutaka nia, na mtu hawezi kunuia asichokijua. Sheria ya Mikataba ya Tanzania nayo inadai ridhaa huru, tena ya mtu aliyefikisha umri wa utu uzima, miaka 18.

Sasa mwangalie mwanafunzi wa sekondari ya Kahororo, Bukoba, mwenye miaka 15. Anapakua Bus Simulator Indonesia kwenye simu, anabonyeza Kubali, kisha anatafuta modi: faili linaloingizwa kwenye folda ya gemu na kuligeuza basi la Indonesia kuwa basi la Kibongo, rangi, honi na maandishi ya nyuma vikiwa kama anavyoviona stendi ya Bukoba. Maleo, kampuni iliyoitoa gemu hiyo mwaka 2017, imeruhusu modi hizo.

Si kampuni zote zenye moyo huo. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua dhidi ya watengenezaji wa bnetd, programu ya bure iliyowawezesha wachezaji wa gemu za kampuni ya Blizzard kukutana kwenye seva zao wenyewe. Masharti waliyoyakubali kwa kubofya yaliwafunga. Mwaka 2020 masharti mapya ya gemu yake ya Warcraft III yakaenda mbali zaidi: ramani anayoibuni mchezaji ni mali ya Blizzard.

Wahaya wa Bukoba wanaijua hali hiyo. Chini ya nyarubanja, mfumo wao wa zamani wa umiliki wa ardhi, mkulima alipanda migomba na buni, akatia samadi mwaka baada ya mwaka, na ardhi ikabaki ya bwana aliyelipwa kodi. Bunge lilitunga sheria ya kuwakomboa wapangaji hao mwaka 1965.

Lakini tuwe waadilifu: bwana yule hakuuumba udongo, ilhali mtunga programu ameitunga kweli. Anayenakili gemu nzima na kuiuza mtaani anamdhulumu, na anayeweka modi ya kuibia wenzake kwenye mechi ya mtandaoni anawadhulumu wao. Aliyebadilisha nakala yake, kwa starehe yake, amemdhulumu nani? Oktoba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Sony dhidi ya Datel kuhusu gemu ya PSP, iliamua kwamba kubadilisha namba zinazohifadhiwa kwenye kumbukumbu wakati gemu inachezwa, bila kugusa wala kunakili msimbo wa programu, si kuvunja hakimiliki.

Tanzania haihitaji kusubiri kesi kama hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaigusa mikataba ya walaji iliyoandikwa na upande mmoja. Tume ya Ushindani iyakague masharti ya gemu pia, na idai yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, yakimweleza mchezaji bayana anachoruhusiwa kubadilisha.